Vidole Viwili Vilivyogoma

Jumanne, 8 Julai 2025
Soweto, Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Chiku, binti yangu mchanga, halali. Mimi pia. Mama mkwe, Bi Shufaa, amefika kutoka Ilula na tenga la nyanya kumlea mke wangu Ruwaida mpaka arobaini iishe. Amegawa kazi: yeye apike, Ruwaida anyonyeshe, mimi nifue nepi. Kwa mkono. Nikitegea, atamchukua binti yake na mjukuu waende Ilula. Mama huyu hatanii.

Jumatano, 9 Julai
Mpango! Jirani yangu Nashoni ana mashine ya kufulia. Nimempelekea nepi kwa mlango wa nyuma. Sharti lake: nichunge kuku wake mashine ikizunguka. Kuku wasio na adabu! Nimewakimbiza mtaa mzima, nimechoka kuliko kama ningefua. Lakini nepi nyeupe pe!

Bi Shufaa hakuzitazama. Alishika mkono wangu akageuza vidole. Akauliza nimefua kwa miguu? Kumbe ndivyo alivyowapima wanawe wote: aliyefua kweli, vidole vimekunjamana. Ruwaida hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 10 Julai
Mpango bora. Kuku, mashine, kisha mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu nyuma ya choo. Nimesinzia nimechuchumaa. Nikaamka vidole vimekunjamana, kuku wanakunywa maji yangu. Nikaenda kujionyesha kabla sijaulizwa. Kosa! Kidole kidogo na cha pete, mkono wa kushoto, laini kabisa.

"Mkwe wangu," akasema Bi Shufaa, "hivi viwili vilikaa pembeni vinatazama?"

Nikavigeuza mwenyewe. Hata mimi nilishangaa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimefua! Kweli! Asubuhi nzima, mgongo umekufa ganzi. Vidole vimekunjamana, vile viwili vimegoma tena. Nimeapa. Nani aniamini? Nashoni, nilipomwomba ushahidi, akasema yeye anajua habari za mashine tu. Mnafiki.

Bi Shufaa akaanza kukunja khanga za safari. Nimemtazama Chiku amelala, safari hii kweli amelala, moyo ukanishuka. Nyumba hii bila kelele zake nitaifanyia nini? Ndipo Ruwaida akavibonyeza vile viwili, akauliza kama nasikia. Nikasema kwa mbali sana.

"Baba Chiku, hili si la kufua tena. Kesho nenda zahanati."

Safari imeahirishwa. Nimeogopa.

Jumamosi, 12 Julai
Nesi Ikupa amenieleza. Kumbe ngozi haikunjamani kwa kunywa maji. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru mishipa ya damu ibane, ngozi inajikunja, vidole vinashika vizuri vitu vyenye maji. Mshipa ukiumia, kidole hakipati amri. Akauliza habari za kiwiko. Nikakumbuka pikipiki iliyonitupa kule Nyololo mwaka juzi, nikajifanya sijaumia kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Jumatatu nimwone daktari. Huku nikisubiri, nivifanyishe kazi vidole. Kukamua nguo, alisema, ni zoezi zuri mno.

Bi Shufaa alinisikiliza, akanimiminia chai mwenyewe. "Nilikuonea, baba. Jana ulifua." Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Akauliza nesi amesemaje kuhusu maji. Nikasema amenikataza kabisa.

Jumapili, 13 Julai
Nimelala mpaka saa nne! Bi Shufaa anafua nepi, ananipa pole. Maisha!

Alasiri mgeni amekuja kumwona mtoto. Nesi Ikupa. Bi Shufaa alimwalika ili amshukuru. Nikiwa jikoni nimesikia neno "kukamua".

Ruwaida ameweka ndoo ya nepi miguuni pangu. Nimeona macho yake yamechoka, nami nimejichukia. Mama yake amezitoa khanga tena. Basi la Ilula linaondoka asubuhi, labda vidole vyangu viseme vingine usiku huu.

Nimefua nepi tatu kwa moyo mweupe. Zilizobaki ziko kwa Nashoni. Mikono iko kwenye beseni, naandika nikiutoa wa kulia. Safari hii sina wasiwasi: vile viwili sasa nesi mwenyewe amevitolea ushahidi.

Kuku mmoja simwoni.