Hashiru Hastahili Udiwani

Jumanne, 8 Julai. Visiga.

Kwako, shajara yangu, salamu nyingi pamoja na heshima. Majuma mawili sijakuandikia. Niwie radhi sana. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na wivu.

Habari ni hii. Hashiru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu, anautaka udiwani wa kwao Masaki, Kisarawe. Babu yake alikuwa diwani. Baba yake, diwani. Shangazi yake, viti maalumu. Katika ukoo ule udiwani ni kama kikohozi, wanaambukizana tu. Hilo ningelivumilia. Lakini Bi Laurensia, mjane, mwenzangu wa kwaya, ambaye najiandaa kumposa tangu Pasaka ya mwaka juzi, amehamia Masaki kuwapikia wageni wa kampeni! Na Hashiru hana mke!

Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia simu Bi Laurensia. Nimemweleza, kwa unyenyekevu, kwamba hata mimi natoka katika ukoo wa uongozi: mjomba wangu alikuwa karani wa mtemi kule Tabora. Akauliza kama mjomba aliacha nyumba. Hakuacha. Akasema, "Mzee Ponsiano, wali unaungua," akakata.

Wali wa Hashiru!

Jumamosi, 12 Julai

Yule shangazi, Bi Faudhia, alifariki jana, Mungu amrehemu. Masaki nzima itakuwa msibani, na Bi Laurensia pia. Nikaamua: leo namvua nguo Hashiru hadharani. Suti. Bodaboda. Vumbi.

Jeneza lilipotaka kuinuliwa, nikamwomba marehemu radhi kimoyomoyo, nikasimama mbele. Nikasema saruji ya Hashiru ni vumbi la barabarani lililofungwa vizuri. Nikasema udiwani si sufuria ya kurithi. Nikasema hata shangazi amekufa ili asimpigie kura.

Mzee mmoja wa pale, Shomari, akauliza mimi ni kabila gani. Nikajibu kwa fahari: Mnyamwezi.

Lo! Msiba wote ukaangua kicheko. "Mtani kaja! Mtani kaja!" Mimi, mtoto wa misheni, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwamba mtani akitukana msibani ndipo ametimiza wajibu wake! Mama mmoja, Bi Mwanamvua, akanifunga khanga kiunoni, juu ya suti. "Mpagazi, mizigo ya Tabora umeitua wapi? Au umefuata ubwabwa tu?" Nikapaza sauti kwamba sitanii. Wakacheka zaidi. Hashiru akanikumbatia huku machozi yakimtiririka. Akasema tangu jana alikuwa ameshindwa kulia. Na Bi Laurensia alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 13 Julai

Bi Laurensia amepiga simu mwenyewe. Anasema hajacheka hivyo tangu mumewe afariki, na ameuliza nitakwenda lini tena. Basi nimeelewa: ananidharau. Nikamwomba radhi kwa usumbufu, nikakata.

Jumatatu, 14 Julai

Kura za maoni zimepigwa. Hashiru ameshinda! Wajumbe wanasema mtu aliyetukanwa vile na asinune ndiye diwani wa kweli.

Jioni amefika kwangu, na sukari mkononi. "Shikamoo, mzee wangu. Jumamosi wageni wangu wa Chole wanakuja Masaki. Njoo unitukane na mbele yao." Nimekubali upesi. Hajui alichojitakia! Safari hii nitavaa na tai, ili wajue kwamba sitanii.

Nimemwandikia pia Bi Laurensia barua ya kumtahadharisha kuhusu mtu huyu: saruji yake, ukoo wake, tabasamu lake. Kurasa nne. Posa nilikusudia kuiweka mwishoni, lakini karatasi imekwisha, itasubiri. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la siri kubwa, bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ataipeleka Hashiru, ambaye gari lake linakwenda Masaki usiku huu. Nimemwomba radhi kwa kumtwisha mzigo.