Dirisha la Kushoto, Dirisha la Kulia

Jumatano, 27 Mei 2015

Habari kubwa! Mzee Kezironi anafungua ofisi ya pili mjini Kasese. Uchapaji, fotokopi, picha za pasipoti, kama hii yetu ya Bwera, ila kule umeme haukimbii kila wingu likipita. Anatafuta mkuu wa tawi. Mkuu! Kiti cha kuzunguka! Miaka yote hii nimewachapia wenzangu barua za kuomba kazi. Sasa zamu yangu. Cheti cha kompyuta ninacho, nimekitia plastiki mwenyewe kwa mashine ya laminesheni.

Tatizo ni moja, na linaitwa Katembo. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata alivyozaliwa. Mvulana wa nne ni Kule, wa tano ni Thembo, na huko Kongo humwita Katembo. Wazazi wake wangeridhika na wanne, leo ningelala usingizi. Ametoka Butembo, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa, na Mzee anamsifu mbele yangu kwamba mafaili yake hayapotei. Kwani yangu yanapotea? Mara chache sana.

Atakayefanya kazi safi mpaka siku ya ufunguzi ndiye atakayepewa ufunguo. Na mimi nimeanza mbele. Mzee anataka picha kubwa ya marehemu baba yake ukutani, na picha hiyo iko kwenye kompyuta yangu, faili linaitwa Kule, jina la marehemu. Niliipiga skani mimi, kwa ajili ya kalenda ya ukoo ambayo haikuchapwa kamwe. Ile ya karatasi ilichukuliwa na mto Nyamwamba mwaka juzi, pamoja na nyumba yao ya Bulembia. Imebaki hii yangu tu. Mama yake Mzee, bibi Alisi, ataletwa kuitazama.

Ijumaa, 29 Mei

Mpango wa kwanza. Kompyuta zetu zote mbili hufungua mafaili kwa lile dirisha la kawaida lililokuja na mashine. Folda za njano, hata mbuzi anaelewa. Hapo ndipo kosa! Kitu kikieleweka na kila mtu, mtaalamu atakula wapi? Nimechimba kwenye intaneti nikapata programu nyingine ya kupangia mafaili. Ya bluu. Madirisha mawili ubavu kwa ubavu. Unachukua faili kushoto, unalitupa kulia, kwa kibodi tu. Nimeiweka kwenye mashine zote mbili kabla Katembo hajafika, nikaificha ile ya kawaida. Kisha nikakaa kungoja aumbuke mbele ya wateja. Siku ya soko, watu tele.

Aliketi. Akatazama. Akacheka!

Akamwambia Ronah, mpiga picha wetu, “Ii kitu niko naijua tangu Butembo. Mashini ya kule haikukuwa na souris, bana.” Souris ni mausi ya kompyuta, kwa sisi ambao hatukutawaliwa na Wabelgiji. Vidole vikaanza kukimbia. Kazi ya asubuhi nzima aliimaliza kabla ya chai. Mzee akapita, akauliza nani kaleta kitu kizuri hivi. Sijafungua mdomo, Ronah akajibu kwamba Katembo anakijua sana. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinavaa miwani na jana nilikinunulia chapati.

Jumamosi, 30 Mei

Programu nyingine. Hii inapaka mafaili rangi, na inaweza kuyaficha kabisa yasionekane. Nimeyaficha yangu yote, ili Mzee akitaka chochote lazima aniite. Mtu anayeitwa ni mtu muhimu.

Akaja afande mmoja kuchukua barua yake ya likizo. Nikaitafuta. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikaanza kutoka jasho. Nimesahau namna ya kuyafichua! Afande akagonga meza. “Wewe! Toa barua! Haraka!” Nikamweleza kwa upole kwamba mfumo unapumzika. Akasema anayetakiwa kupumzika ni yeye, ndiyo maana ya likizo.

Katembo akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza vibonye viwili. Barua hiyo! Afande akampa Katembo mkono. Mimi akanipa jicho.

Nimerudisha ile ya bluu. Sijashindwa. Najipanga.

Jumatano, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Katembo kaenda misa na mkewe Emérance, na kanzu mpya ya mke imeonekana barabara nzima. Mimi nimekuja ofisini kufagia. Sijafagia.

Kaacha flashi yake kwenye mashine! Mungu hamtupi mja wake. Kazi zake zote zimo humo, na Mzee hutupima kwa kuhesabu mafaili. Nikizichota zote nikazimwaga kwenye folda yangu, nani atajua ipi ya nani? Nitamkabidhi Mzee folda moja nene, kazi za Nobert, yaani mimi, na Katembo atabaki na suruali yake.

Dirisha la kushoto, flashi ya Katembo. Dirisha la kulia, folda yangu. Nikachagua yote, nikaamuru yahamie. Programu ikauliza: Biira lipo tayari, niweke jipya juu yake? Ndiyo. Kule lipo tayari, niweke jipya juu yake? Ndiyo. Maate lipo tayari. Ndiyo! Biira mwingine. Ndiyo, jamani! Wilaya nzima imegawana majina yasiyojaza kiganja, na sisi wote ofisini huandika faili kwa jina la mteja, basi. Maswali hayo yangenifikisha jioni. Programu inauliza kama baba mkwe! Kwa bahati chini palikuwa na kibonye cha jibu moja la jumla: ndiyo kwa yote. Nikakibonyeza. Kimya. Raha.

Nimemaliza kabla watu hawajatoka misa. Flashi nimeirudisha pale pale.

Alhamisi, 4 Juni

Ushindi! Mzee ameona unene wa folda yangu, akanipiga bega. “Nobert, kumbe wewe unafanya kazi!” Kumbe! Neno dogo, lakini nimelipokea. Katembo alitazama kioo cha kompyuta yangu, kisha akatazama flashi yake, akaitia mfukoni.

Picha ya marehemu imekwenda Kasese ndani ya CD na dereva wa teksi, kwa fundi wa kuichapa na kuitia fremu. Mzee aliuliza kama nimeikagua kabla ya kuituma. Nikamjibu kwamba picha si samaki, haiozi. Akacheka. Nimemchekesha Mzee!

Kwa furaha nimeweka programu nyingine mbili. Moja ina madirisha manne. Zimejaza mashine mpaka inakoroma. Mkuu wa tawi hawezi kuishi na madirisha mawili.

Jumamosi, 6 Juni

Ufunguzi. Sitaki kuandika. Naandika.

Ofisi nzuri, imepakwa rangi ya krimu. Nilifika mapema nikakikalia kile kiti cha kuzunguka, nikazunguka kidogo. Ukutani fremu kubwa imefunikwa kitambaa, kama ilivyotoka kwa fundi. Bibi Alisi aliletwa kwa gari, akawekwa mbele kabisa, kitenge cha sikukuu, mikono magotini. Mchungaji akaomba. Mzee akavuta kitambaa.

Kule. Ndiyo, Kule. Kule muuza mbuzi wa Karusandara! Shati la njano, jicho moja limefumba kwa mwanga wa kamera. Ronah alimpiga picha juzi juzi, Katembo akaihifadhi kwa jina la mteja. Ukubwa wa mlango! Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha.

Bibi Alisi akainuka taratibu, akasogea, akagusa kioo. Akauliza, “Huyu ni nani?” Akasema sura ya mume wake imeanza kumtoka kichwani, ndiyo sababu alikubali kupanda gari na miguu yake ile. Kisha akarudi kuketi. Mzee Kezironi alibaki na kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliona aibu kweli, mpaka soda zilipoletwa.

Jumapili, 7 Juni

Katembo hakwenda kanisani. Ameshinda kwenye mashine yangu akiitafuta ile picha na programu zake za uchawi. Alisema faili lililofutwa huacha alama kama mtu aliyelala kwenye nyasi, na kama hakuna aliyepita juu yake, unaweza kulipata. Akaniuliza kama nimeweka kitu baada ya Jumatano. Nikasema kidogo. Akauliza kidogo gani. Nikasema madirisha manne.

Akavua miwani ya kusomea, akasugua macho. “Nobert, ungeacha mashini ilale, pengine tungemuona muzee.”

Hatukumwona. Tulipata nusu ya paji la uso, au labda ni ukingo wa kiti.

Alijua kwamba nimechota kazi zake. Lazima alijua, muuza mbuzi alitoka kwenye flashi yake! Mzee alipotuuliza ilikuwaje, Katembo alisema mafaili yamegongana. Yamegongana tu, yenyewe! Hakunitaja. Sijawahi kudharauliwa namna hii maishani.

Jumatatu, 8 Juni

Hukumu. Nilitegemea kelele, nimejiandaa kwa kelele. Mzee hakupiga kelele. Alisema taratibu, “Kompyuta usiguse tena. Wewe kaa kwa laminesheni.” Kisha akatoka, akasimama barabarani akimuuliza kila mzee anayepita kama aliwahi kupigwa picha pamoja na baba yake. Mpaka jioni alikuwa bado anauliza.

Ufunguo wa Kasese kapewa Katembo. Ronah anakwenda naye kupiga picha. Hata kwaheri yake ilikuwa fupi, na chapati hakuikumbuka.

Nimefikiri sana nani wa kulaumiwa. Wazazi wa Bwera, kwa uvivu wa kutafuta majina. Muuza mbuzi, kwa kuhitaji pasipoti wakati mbuzi hawavuki mipaka kwa ndege. Mto Nyamwamba. Ronah. Aliyetengeneza programu akaweka kibonye cha hatari mahali panapofikika kwa kidole. Mimi nilijibu swali nililoulizwa.

Alhamisi, 11 Juni

Mashine ya laminesheni imeniunguza kidole gumba. Lakini leo nuru!

Amekuja Blasio, katekista kutoka Kitswamba. Habari za Kasese hazijamfikia, asifiwe Bwana. Kigango chao kina kompyuta mbili, ya zamani na ya msaada. Picha na kadi za ubatizo za waumini wote, wazima na marehemu, nusu ziko huku, nusu ziko kule. Padri anataka zikae pamoja. Blasio anaogopa kugusa. Akauliza kama namfahamu mtu mwenye ujuzi.

Nikamwonyesha cheti. Akakisoma mpaka chini. Akaniita mwalimu! Mbele ya watu!

Nimemwambia nitafika Jumapili baada ya misa, na programu yangu mwenyewe. Nitamaliza kabla chai haijapoa. Sharti nimempa moja tu: asisimame nyuma yangu kuniuliza maswali. Programu itauliza yenyewe, na jibu nalijua.