Kozi Zilizo Wazi Muhula Huu

Mtu anayekula kwa ulimi wake hana saa maalumu ya kuingia kazini, na huyu tunayemsimulia aliingia kazini siku moja asubuhi akiwa kwenye foleni ya fotokopi, mbele ya lango la chuo, na karatasi moja tu ya kunakili: kitambulisho cha mtu mwingine. Zamu yake ilipofika akafunua mfuniko wa mashine, akakuta mtu wa mbele amesahau kurasa nne juu ya kioo. Akazichukua. Hakuwa na desturi ya kupita kitu kilichosahauliwa.

Kurasa zilitoka chuo kimoja cha ng'ambo, na juu yake paliandikwa kwamba hizo ndizo kozi zilizo wazi kwa wanafunzi wanaokuja kusoma muhula mmoja kutoka nchi nyingine. Kila kozi ilikuwa na namba yake, siku yake na uzito wake. Chini kabisa mwanafunzi alielekezwa achague nne, na mbili za akiba ikiwa zile za mwanzo zitajaa.

Alikuwa bado anasoma pale alipohisi pumzi begani. Baba mmoja mtu mzima, kabeba vyeti vya mwanawe kwenye mfuko wa nailoni, alikuwa akichungulia. Hakuuliza karatasi ni za nani wala zimetoka wapi. Alinyoosha kidole, akauliza kama ile ya uhandisi wa madaraja ni ya Jumanne kweli, maana mwanawe ni mzito Jumatatu.

Hapo ndipo jamaa yetu alipoliona jambo ambalo wenye akili nyingi wamelipita. Mwulize mtu kama anataka kumpeleka mwanawe ng'ambo, atakuuliza wewe nani. Mwulize anataka mwanawe akasomee nini, atatafuta kalamu.

Wiki mbili baadaye alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa, meza, tufe la dunia, na kibao mlangoni kilichosema Mshauri wa Masomo ya Ng'ambo. Watu wakamwita Mshauri, na yeye akaona si vizuri kuwabishia. Ukutani alitundika saa mbili. Moja ilionyesha saa za hapa. Nyingine ilikuwa mbovu, na hiyo ndiyo wateja waliyoiheshimu zaidi.

Hakumwahidi mtu chochote. Tapeli anayeahidi ni wa daraja la chini. Aliwaambia kwa unyenyekevu kwamba nafasi ipo au haipo, hilo ni la chuo, kazi yake ni kusaidia kuchagua tu. Kisha anawasogezea orodha na penseli. Baba na mama wangebishana kati ya uhasibu na uuguzi mpaka jasho liwatoke, na wakishaafikiana wanaona wamepata kitu kikubwa, hivyo bahasha ya ada inatoka yenyewe. Mzee mmoja alitaka kijana wake asomee udaktari wote kwa muhula mmoja. Akauliza kama muda utatosha. Mshauri alimjibu kwamba mihula ya kule ni mirefu, na mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akishuku hivyo siku nyingi.

Bahasha zote aliziweka kwenye begi moja, na majina yote kwenye daftari moja, kwa mwandiko safi. Mpango ulikuwa kwamba mwisho wa mwezi begi litasafiri, na Mshauri atalisindikiza.

Kisha akaja fundi cherehani na binti yake.

Mama huyo alikuwa akishona sare na majoho ya mahafali kwenye kibanda cha nyuma ya soko. Ili kupata ada ya binti alikuwa ameuza cherehani yake ya umeme, ile iliyolisha nyumba nzima, akabaki na ya mguu ambayo uzi ulikatika kila baada ya hatua tatu. Alilieleza hilo bila kulia, kama anavyoeleza kipimo cha kiuno. Mshauri hakuwa na moyo wa jiwe. Alimhurumia sana, tangu alipoipokea bahasha mpaka alipoifungia zipu ndani ya begi.

Binti alikuwa mwaka wa pili chuoni, mtulivu, na macho ya mtu anayesoma hata maandishi madogo nyuma ya tiketi. Aliiomba orodha. Wengine wote waliipapasa kama kitambaa dukani. Huyu aliisoma.

“Samahani, Mshauri,” alisema baada ya robo saa. “Hii ya takwimu na hii ya afya ya jamii zote ni Jumatatu saa nne. Mimi nitakuwa wapi?”

“Majengo ya kule yako karibu karibu, binti yangu.”

“Sikuuliza umbali.”

Mshauri akasema suala hilo atalifikisha panapohusika. Panapohusika palikuwa mezani pake mwenyewe. Siku iliyofuata alishinda pale na rula, akihamisha kozi kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi, na kila alipohamisha moja nyingine mbili ziligongana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufanya kazi tangu asubuhi hadi saa kumi na moja bila kumdanganya mtu.

Wiki iliyofuata binti akarudi. Safari hii alitaka kujua kwa nini kozi ya udongo inadai mtu awe amesoma kemia, wakati kemia yenyewe inadai awe amesoma udongo. Wiki ya tatu akauliza vitabu gani vinasomwa. Mshauri hakutaka kuonekana mjinga mbele ya mtoto wa juzi, basi akakichukua kile kitambulisho cha mtu mwingine, akaingia maktaba ya chuo. Alikusudia kukaa dakika kumi. Alitoka walipofunga.

Akawa mtu wa maktaba. Zile kurasa nne zikawa kumi na moja, maana sasa alikuwa anatunga kozi zake mwenyewe: Hesabu za Foleni, Falsafa ya Maji, Historia ya Mito Iliyokauka. Aliziandikia maelezo, akayafuta, akayaandika upya. Mwisho wa mwezi ulifika na begi halikusafiri. Alijiambia kwamba mtego mzuri hautengenezwi kwa pupa, lakini ukweli ni kwamba alikuwa bado hajaridhika na wiki ya tisa ya ile kozi ya mito.

Ndipo siku moja mchana binti akaingia, akaketi bila kukaribishwa.

“Chuo kimenijibu,” alisema.

Mshauri alilitazama begi. Kisha akautazama mlango.

“Niliwaandikia,” binti aliendelea kwa upole, “nikawapelekea orodha yako. Wanauliza nani aliandika hizi kozi za mwishoni. Wanasema hawajawahi kuona kitu kama hiki.”

“Hawajawahi,” Mshauri akarudia.

“Kuna jopo linapita hapa Ijumaa. Wanataka kukuhoji kwa ajili ya cheo. Kuna vyeo vitatu, uchague kimoja: mhadhiri mgeni, mkuu wa kozi za wanafunzi wa nje, au mwakilishi wa kudumu.”

Kama hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine, Mshauri angecheka mpaka amwagikiwe na chai. Angeuliza jopo gani hilo linalopita kama muuza maziwa, na kwa nini mahojiano yafanyike kwenye ukumbi wa kukodi juu ya duka la misumari. Lakini hakuuliza. Alikuwa ameshakunja uso, anapima. Mhadhiri ana heshima, ila mkuu ana ofisi. Akamuuliza binti kama mkuu wa kozi anaruhusiwa pia kufundisha moja mbili. Binti akasema ataulizia.

Jambo moja tu, akaongeza akiwa mlangoni. Jopo lingependa kuona daftari la wanafunzi waliosajiliwa pamoja na ada zao, ili wahakikishe wanafunzi ni wa kweli. Mshauri akasema hilo ni la kawaida kabisa katika taasisi yoyote makini.

Ijumaa saa tatu asubuhi alipanda ngazi za ukumbi, kanyoa ndevu, begi mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Binti alimpokea, akamvisha joho jeusi lenye ukosi mwekundu. Lilimkaa kama alipimwa. Yeye aliyekitoroka chuo wiki ya sita ya mwaka wa kwanza alisimama mbele ya kioo cha dirisha, na kwa muda kidogo hakuna uongo uliomjia kichwani.

Nyuma ya meza ndefu walikaa watatu, wote na majoho na kofia za mraba. Mwenyekiti alikuwa mnene, mikono mikubwa. Kulia kwake mwanamume mwembamba mwenye kucha nyeusi. Kushoto mama mmoja wa makamo ambaye alitambulishwa kuwa mhazini, na alimtazama Mshauri kama mkunga anavyomtazama mume anayeuliza itachukua muda gani.

Mwenyekiti alianza na somo la wanyama lililokuwa ukurasa wa pili. Alitaka kujua tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi. Mshauri hakusita: viwili, kimoja cha majani, kimoja cha maji. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji. Kisha yule mwembamba akauliza, maji yakigoma kupanda ghorofa ya tatu, Falsafa ya Maji inasemaje. Mshauri alinyanyuka kitini. Alisema maji nayo yana hiari, kwamba kushuka kwake ni unyenyekevu na kugoma kwake ni hoja, na kwamba binadamu hana budi kujiuliza yeye mwenyewe anapanda kwa ajili ya nini. Mwembamba alifumba macho. Huenda alikuwa anawafikiria wateja wake.

Mhazini hakuwa na falsafa. Aliomba daftari, akaomba begi, akachungulia, akafunga.

Kisha mwenyekiti akainama mbele. “Swali la mwisho. Wewe mwenyewe, ungepewa hii orodha na penseli, ungechagua nini?”

Hili hakuna aliyewahi kumwuliza. Baba yake alimwambia sheria, akaenda sheria, akatoroka sheria. Mshauri alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kimepikwa.

“Ile ya mito iliyokauka,” alisema. “Haipo popote, mzee. Niliitunga mimi. Nilifikiri nitaweka maneno mawili tu, nikaanza kusoma. Kuna mito imekufa na watu bado wanaita madaraja yake kwa majina. Nimefika wiki ya tisa, sijui inaendelea vipi. Ningependa mtu anifundishe.”

Mhazini, ambaye alikuwa amefika mlangoni na begi, aligeuka akamtazama tena, kisha akatoka. Mwenyekiti akakohoa, akasema jopo linakwenda kujadili, mtahiniwa asubiri.

Mtahiniwa alisubiri. Alisubiri ameketi wima, kwa sababu joho halipendi mtu aliyejikunja. Saa nne ikapita, na saa tano. Alifikiria ofisi yake itakuwa na dirisha upande gani. Karibu na saa sita aliingia mtunza ukumbi na ufagio, akashangaa kumwona, akampa bahasha aliyoachiwa.

Mshauri akauliza jopo liko wapi.

“Jopo lipi? Wale watatu?” Mtunza ukumbi alianza kusogeza viti. “Yule mnene ana bucha karibu na soko, ni ndugu wa yule mama fundi cherehani. Yule mwembamba fundi bomba. Mama ni mkunga, shangazi wa yule binti. Wameondoka zamani, na kundi la watu walikuwa wanawasubiri hapo chini.”

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya matokeo iliyopigwa mistari kwa rula. Swali la kwanza, sifuri. Swali la pili, sifuri. Swali la tatu, kuwasilisha daftari na begi: amefaulu vizuri sana. Swali la nne, alama zote. Jumla: amefeli. Nyuma palikuwa na mwandiko mdogo wa binti.

“Mshauri, shikamoo. Chuo kilinijibu mwezi uliopita kwamba hakikujui na hakina wakala. Kilinieleza pia kwamba mwanafunzi wa muhula mmoja anaombewa nafasi na chuo chake mwenyewe, kwa hiyo fomu yangu iko kwa msajili wetu, nasubiri. Bahasha zinarudi kwa wenyewe leo kwa kufuata daftari lako, na nakupongeza, limeandikwa vizuri. Aliyenunua cherehani ya mama amekubali kuirudisha. Mama anaomba joho uliache juu ya kiti, Jumatatu lina mwenyewe. Alama za swali la nne mjomba amezitoa kwa hiari yake, mimi nilipinga.”

Mshauri aliisoma mara mbili. Alivua joho, akalikunja kwa mshono, akaliweka juu ya kiti. Kisha akaketi tena, amebaki na shati, akaigeuza karatasi upande wa alama na kuitazama kwa makini.

“Hivi, kaka,” alimwuliza mtunza ukumbi, “tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi?”

“Vinne. Nani hajui?”

Mshauri aliweka kidole juu ya swali la kwanza.

“Basi sifuri ya kwanza ni haki yao,” alisema. “Nitafutie kalamu. Hii ya pili naikatia rufaa.”