Dawa Ikae Chini Nusu Saa

Jumatatu, 4 Machi
Mheshimiwa bado anachechemea. Mguu wa mbele wa kushoto umevimba kutoka kifundo hadi kwato, na kidonda kinanuka. Mjomba, mwenye zizi, ametoa neno: farasi asipoukanyagia ifikapo Jumamosi, anapigwa sindano ya mwisho. Huyu niliyemnywesha maziwa kwa chupa! Sikubali! Nimemwambia Mjomba waziwazi kwamba sikubali. (Alikuwa ameshaondoka.)

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kamwita mdogo wake, daktari wa mifugo. Mimi nina miaka ishirini zizini. Shemeji ana cheti na buti nyeupe. Akaeleza kwamba dawa ikipigwa shingoni hutawanyika mwili mzima, kidondani ikafika kiduchu. Kwa hiyo tutafunga, dawa ikae chini nusu saa. Nikauliza, ni hilo tu? Akasema ni hilo tu, ila lina ufundi wake. Mara simu: kuna ng'ombe amekwama kuzaa. Akaacha mkoba, akaonya mtu asiuguse. Mtu gani? Hakutaja.

Jumatano, 6 Machi
Ufundi gani! Nilimfunga Mheshimiwa nguzoni, mafundo mawili. Nikaweka chupa ya dawa chini, karibu na kwato. Nikatazama saa. Dawa iliyorushwarushwa njiani lazima itulie kwanza, ndipo nimwagie kidonda. Dakika ya kumi na moja Mheshimiwa akaikanyaga kwa mguu wa kulia, kwachu! Chupa ikawa unga.

Shemeji akarudi, akatazama vioo, akatazama kamba, akauliza kama namfundisha farasi kusoma saa. Chini ya mpira wa kubana damu, shemeji, akasema, ndani ya mshipa! Mke wangu alicheka mpaka akakalia ndoo. Bahati, garini kulikuwa na chupa nyingine. Isingekuwepo, ningekuwa nimemuua Mheshimiwa mimi mwenyewe. Nimeona aibu, na naandika hapa tu.

Akamchoma ya usingizi, Mheshimiwa akasinzia wima, mdomo unaning'inia. Shemeji akafunga mpira juu ya kifundo. Mimi nilishika kichwa, macho nimefumba; yaliyofuata sikuyaona. Mimi na sindano hatupatani.

Alhamisi, 7 Machi
Tumerudia. Nimefumba tena. Nilimnong'oneza Mheshimiwa avumilie, shemeji akadhani naomba dua. Nilikuwa naomba.

Ijumaa, 8 Machi
Mara ya tatu. Uvimbe umeshuka! Harufu hakuna! Mke wangu kamsifu mdogo wake. Hakuna aliyemsifu mshika kichwa.

Jumamosi, 9 Machi
Mjomba alikuja, mikono nyuma. Nikamtoa Mheshimiwa uani. Akasimama, mguu juu. Nikamwambia Mjomba kama ni sindano, anichome mimi kwanza. Hapo Mheshimiwa akaushusha mguu, akaukanyagia kwa uzito wake wote, juu ya kidole gumba cha mguu wangu. Mguu uleule mbovu! Nililia kwa uchungu na furaha, sijui kipi kilizidi. Mjomba akasema farasi amepona.

Jumapili, 10 Machi
Kidole kimevimba. Mke wangu anasema niende zahanati. Zahanati kuna sindano. Siendi! Shemeji kasahau mpira na chupa moja. (Vilikuwa mfukoni mwangu.) Nimejifunga kitini, mafundo mawili. Safari hii chupa haiko sakafuni, mimi si mjinga. Nimetundika mpira msumarini, na chupa iko kwenye kigoda, chini ya mpira kabisa, kama alivyosema daktari. Zimebaki dakika kumi na tisa.