Wiki Moja ya Ziwa kwa Miaka Thelathini

Ijumaa, 6 Juni

Nilikwenda kwa ajili ya birika. Hilo liandikwe kwanza. Jumanne sauti ya kike ilinipigia simu ofisini, ikasema namba yangu imechaguliwa kati ya maelfu: nimeshinda birika la umeme na kifungua kinywa hotelini. Sharti ni kusikiliza maelezo kwa saa moja na nusu. Sijawahi kuchaguliwa hata kati ya watu kumi na wawili. Nikaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

Maelezo yalichukua saa nne. Mtoa maelezo ni kijana ambaye tabasamu lake haliondoki hata anapokunywa chai. Nimempa jina la Tabasamu. Alisema hununui nyumba, unanunua wiki. Wiki moja kila mwaka, kwa miaka thelathini, katika nyumba ya ghorofa kando ya ziwa, vyumba viwili, watu sita. Wengine wana wiki zao, wewe una yako. Nilimuuliza kama wiki inaweza kurithiwa. Akaweka kikombe chini, akasema hajawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Najua ni uongo. Nilifurahi vilevile.

Kisha akakunjua mchoro wa nyumba namba 14. Mimi ni mchora ramani. Mwanamume mwingine angeniletea maua. Dirisha la sebule lina upana wa mita mbili na nusu na linatazama maji. Nikamwona Mama amekaa pale. Hafanyi kitu. Mikono imelala mapajani kama paka wawili. Mwanga wa maji unapanda ukutani, unashuka, unapanda tena.

Nikasahau birika.

Wiki yetu ingekuwa ya mwisho ya kiangazi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Jibu litolewe Jumamosi ijayo kabla ya saa sita mchana. Birika hutolewa baada ya kusaini. Kwa sasa wamenipa kifuniko chake, kama ishara ya nia njema.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewaeleza nyumbani.

Mama ni fundi wa kushona. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda: sare za shule, mapazia, magauni ya harusi za watu wengine. Ni miaka kumi na moja tangu apumzike siku nzima, na siku hiyo alikuwa ameng'olewa jino. Asubuhi vidole vya mkono wake wa kulia havinyooki mpaka avitie kwenye maji ya moto. Akiba yake iko ndani ya mkebe wa vifungo. Ni ya ovaloki, mashine ya kufunga pindo, ambayo ingempunguzia nusu ya kazi. Mkebe hauwezi kununua vitu viwili.

Kaka ni fundi wa majokofu. Aliuliza kama nyumba namba 14 ina jokofu, na la aina gani.

Mkewe, wifi yangu, ni mkunga. Huzungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa kufika hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wifi, tununue wiki? Si zinakuja zenyewe?" Kaka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikucheka. Niliiandika hoja hiyo nije kuijibu baadaye. Jibu bado.

Mama hakucheka pia. Aliuliza kama ukiwa ndani maji yanasikika. Nikasema yanasikika, tena vizuri. Sijui jibu hilo nililitoa wapi. Akasema basi Ijumaa tupige kura.

Hesabu yangu: mimi ndiyo, Wifi hapana, Kaka ataenda linakoenda jokofu. Kwa hiyo kila kitu kiko kwa Mama.

Jumapili, 8 Juni

Jaribio la likizo. Nilikuwa na mantiki kamili: kama familia ikionja saa sita za mapumziko, itadai wiki yenyewe.

Niliamka mapema nikafunika cherehani kwa shuka jeupe. Nikabandika karatasi mlangoni: MAPOKEZI. Nikakunja taulo kwa umbo la bata maji, mmoja kwa kila kitanda. Wifi alitoka chumbani amembeba wa kwake mikononi, akaniambia kwa huruma, kwa sauti ya wodini, kwamba bata amevunjika shingo, alifikishwa akiwa tayari hivyo. Nikaacha bomba la bafuni likitiririka kidogo kidogo, kwa ajili ya sauti ya ziwa. Kaka alilikuta, akadhani limeharibika, akalifungua kipande kimoja kimoja. Mpaka sasa bafuni hakuna maji.

Nilimketisha Mama mbele ya dirisha. Nikamwambia asifanye kitu. Akauliza asifanye kitu gani.

Alikaa dakika kumi na moja. Nilihesabu. Nilipotoka jikoni na sharubati, pazia lilikuwa mapajani mwake, pindo limefumuliwa lote. Alisema lilikuwa limekwenda upande tangu mwaka juzi na lilikuwa likimtazama. Kisha akaja mteja kuchukua sketi, akasoma mlangoni, akakataa kuingia mpaka apokelewe.

Wifi anasema jaribio limejijibu lenyewe. Wifi huona mwisho wa mambo tu. Dakika ya saba Mama alifumba macho, na mabega yakashuka. Niliona. Sijawahi kuyaona mabega yake yakiwa chini. Kwa hilo ningenunua miaka sitini.

Jumanne, 10 Juni

Leo ofisini nilitoa ramani ya eneo lile kabatini, ili nijue dirisha letu linatazama mashariki au magharibi. Nilitaka kujua jua litamfikia Mama saa ngapi.

Ziwa lipo. Umbo zuri, kama sikio. Lakini ukingo wake umechorwa kwa mstari uliokatikakatika, na chumba kizima cha ramani kinajua maana yake: maji ya msimu. Huja na mvua, huondoka na kiangazi.

Nilikasirika. Nikajiuliza ni nani mvivu kiasi hiki, anayechora ziwa kwa vipande. Nikatazama kwenye pembe ya chini. Herufi za jina langu. Miaka miwili iliyopita, kwa mkono wangu, kwa wino. Wiki hiyo nilikuwa nikiwaza jambo jingine kabisa. Nadhani nilikuwa nikiwaza maji.

Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Rula kwa sababu hata sandwichi yake huikata kwa kupima, alipita akaniuliza jino linaendeleaje. Nikashika shavu la kushoto. Ijumaa nilishika la kulia. Aliyatazama yote mawili, akaendelea na safari.

Mchana mzima nimelifikiria. Mstari uliokatika hausemi kwamba maji hayapo. Unasema maji yana uhuru. Na nani amesema yataondoka mwaka huu? Hata mimi nimeshawahi kupanga kuondoka mahali nikabaki.

Jumatano, 11 Juni

Sikuigusa ramani ya ofisi. Nataka hilo lijulikane. Bwana Rula anazijua ramani zake kama wengine wanavyowajua wajukuu.

Nimechora nakala tu, ya nyumbani, kwenye karatasi ya kunakilia, wakati wenzangu wako kwenye chakula cha mchana. Nyumba, njia, miti mitano, ziwa. Ukingo wa ziwa nimeupitisha kwa mstari mmoja mzima. Kalamu haikunyanyuka hata mara moja. Ni mstari mzuri kuliko yote niliyochora mwaka huu. Nikatia buluu ndani. Mwishoni mkono wenyewe ukaandika herufi za jina langu pembeni, kwa mazoea.

Si uongo. Ni ziwa lile lile, katika mwezi mwingine.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi mapema. Cherehani ilikuwa inakwenda kasi, kisha ikanyamaza ghafla. Nilipoingia, Mama alikuwa amekalia rundo la sare za shule, jambo asilolifanya kamwe. Pembe ya kitambaa ilikuwa ikichungulia chini yake.

Ninakijua kitambaa hicho. Kina rangi ya maji ya kina kirefu, kijani kikielekea buluu. Alikinunua mwaka niliomaliza chuo. Tangu hapo kimekaa chini ya sanduku, kikisubiri siku yenye sababu. Watu wameomba kukinunua, akawaambia kina mwenyewe. Sikujua kwamba mwenyewe ni yeye. Miaka yote nimemwona akipima mabega ya watu. Leo utepe wa kupimia ulikuwa umening'inia shingoni mwake, na karatasi iliyo na vipimo ilikuwa na jina moja tu: Mimi.

Aliniuliza, akiwa anatazama sindano, kama wanawake wa huko ziwani huvaa mikono mirefu.

Hapo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Nilipaona, pamefunguka mbele yangu kama mlango. Nikasema mikono mifupi. Kwa sababu ya upepo wa maji, nikaongeza, unataka kuusikia kwenye ngozi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu ambaye tayari anausikia.

Sijala.

Ijumaa, 13 Juni

Kura.

Nilitundika ramani yangu ukutani, juu ya vibao vya nyuzi. Mama alileta mkebe wa vifungo akauweka mezani na kuushika kwa mikono miwili. Nilizungumza kwa dakika ishirini. Nilitaja upana wa dirisha mara tatu. Kaka alipewa karatasi ya vifaa vya nyumba, akasoma aina ya jokofu, akasema, "Hili halijawahi kuniletea shida. Ndiyo." Mama alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ovaloki imesubiri miaka mitatu, inaweza kusubiri mingine. Akaanza kufungua mkebe.

Nilikuwa nimeshinda. Nikanyoosha pembe ya ramani iliyokuwa imenyooka tayari.

Wifi alikuwa amesimama mbele ya ramani, mikono nyuma. Aliuliza kama njia hii ndiyo inayopita kwenye zahanati. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua, maana ndiko alikopangiwa kazi mwaka wake wa kwanza. Mwisho wa kiangazi, akasema, aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya ziwa. Akalivuka. Kwa miguu, amevaa viatu vya wazi, begi la kazi kichwani.

"Hata soli haikulowa, wifi yangu. Ng'ombe walikuwa wamelala katikati."

Kaka alisema labda ni ziwa jingine. Wifi alisema labda.

Mama aliitazama ramani kwa muda mrefu. Macho yake yamezoea kufuata mshono mpaka mwisho, na mwisho wa mshono huu ni pembe ya chini, kwenye herufi za jina langu. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kaichora hii?" Nikasema mimi. "Na ile ya ofisini?" Mimi pia. "Zinafanana?"

Nikasema isipokuwa mstari mmoja.

Mama alikifunga kifuniko cha mkebe, taratibu, mpaka kikalia. Nilimwambia samahani. Nilimwambia nilitaka tu akae. Alisema anajua nilichotaka. Kisha akauliza kama angalau dirisha lipo. Nikasema lipo, mita mbili na nusu. Akasema, "Nisafiri siku nzima nikaangalie ng'ombe waliolala," na akaanza kucheka, kicheko kile cha kuficha mdomo kwa kitambaa, mpaka pini zikamwagika. Tuliziokota sote wanne kwa magoti. Wifi alinipa alizookota yeye. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenigombeza.

Kura nne kwa ovaloki. Ya nne ni yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Kaka na Mama walikwenda mjini, wakarudi na ovaloki kwenye sanduku. Saa sita kamili simu yangu iliita. Nilijua ni Tabasamu. Niliiacha iite. Hata mlio wake ulikuwa kama unatabasamu.

Mchana Mama alitoka barazani amevaa gauni. Ametia mikono mifupi. Bafuni bado hakuna maji, kwa hiyo Wifi alimletea maji ya moto ya vidole vyake kwenye beseni, akaliweka juu ya kigoda mbele yake. Mama akatumbukiza mikono. Jua lilikuwa limelifikia beseni, na mwanga ukaruka ukawa unatetemeka kwenye ukuta nyuma ya kichwa chake, unapanda, unashuka, unapanda tena. Mteja alipita barabarani akamwita. Mama alimwambia leo amefunga.

Alikaa saa nzima na dakika nne. Mabega chini.

Nilikaa karibu naye, nikatazama ule mwanga, nikahisi kuna jambo nilipaswa kulifahamu. Lilikuwa karibu sana. Nilikaribia kulishika. Kisha Kaka aliniita bafuni nimshikie tochi.

Jumanne, 17 Juni

Saa nne asubuhi simu ya ofisini iliita. Sauti ya kike, nyingine kabisa, ya upole zaidi. Namba yangu imechaguliwa kati ya maelfu. Zawadi ni pasi ya umeme. Nani ana mama fundi wa kushona akakataa pasi? Maelezo ni ya saa moja tu. Ni uanachama wa wiki, lakini mlimani: nyumba za mbao, ukungu, baraza linalotazama kilele.

Nimejifunza. Safari hii nilianza na ramani kabla ya kujibu chochote. Niliitandaza mezani nikaipima kwa rula ya Bwana Rula mwenyewe. Mistari yote imekamilika, hakuna hata mmoja uliokatika. Mlima haukauki.

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa. Nilisema ni jino la upande wa pili. Bwana Rula alisema alitarajia hivyo.

Jioni nilimuuliza Mama, kama jambo la kupita tu, kama kuna kitambaa kizito chochote chini ya lile sanduku.