Sailensa ya Tiida

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Kanisani leo (huku Doha ibada yetu ni Ijumaa) Fabian, yule Mganda dereva wa hoteli, kaingia na gari la bosi wake. Ngurumo! Kwaya nzima ikageuka. Mimi nikaingia na Tiida yetu. Ni yetu nusu kwa nusu, mimi na Laban ninayeishi naye chumba kimoja, ingawa istimara, kadi ya usajili wa gari, ina jina lake. Hakugeuka mtu. Fabian akaniuliza kama nimekuja kwa miguu.

Haliishi hivi hivi.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimempigia binamu Scovia, Sharjah. Anasema kwao kuna rada inayosikia kelele za magari, inakupiga picha, faini inaingia kwenye simu. Akanionya nisithubutu. Nikamwuliza kama Doha nako ipo. Akasema hajui. Basi! Kama hajui, haipo.

Mbio hadi Industrial Area. Fundi kakata sailensa na kile chujio cha moshi, kaweka bomba tupu. Akauliza kama navitaka vya zamani. Vyuma kuukuu vya nini? Nimemwachia.

Sauti yake sasa! Al Rayyan yote imenijua.

Jumapili, 9 Novemba
Laban hajafurahi. Alhamisi mkewe Wairimu anatua kutoka Nairobi, viza ya siku thelathini. Hawajaonana miaka mitatu. Kanunua shati jipya. Istimara nayo inaisha wiki hii, na gari lazima lipite ukaguzi kwanza. Nikamwambia aniachie mimi.

"Haya, Augustine," akasema. "Nakuachia."

Jumatano, 12 Novemba
Tumeanguka! Kelele, na moshi pia. Mkaguzi aliziba masikio, halafu pua. Nikamweleza kwamba kwetu Kenya gari hili lingepita. Akasema basi nilipeleke Kenya.

Nikarudi kwa fundi. Sailensa kashaiuza, chuma chakavu. Nimejaza bomba waya za kusugulia sufuria, pakiti nne. Kimya kama msikitini.

Laban nimemwambia limepita. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa anapiga pasi shati.

Alhamisi, 13 Novemba
Laban aliendesha kwenda uwanja wa ndege, mimi nimeshika maua. Tulipofika Al Thumama, paa! Waya zote zikatoka kwa mpigo, zikatua kwenye boneti ya gari la polisi.

Askari alikuwa na adabu sana. Akaomba karatasi ya ukaguzi. Laban akanigeukia aipokee kwangu, mkono wazi. Nikatazama maua.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Gari likapandishwa kwenye breki-dauni, na mwenye jina kwenye istimara akatakiwa kituoni. "Nenda wewe," akaniambia. "Asisimame peke yake."

Wairimu alitoka anatabasamu, akitazama nyuma yangu. Akaendelea kutazama nyuma yangu, akauliza Laban yuko wapi. Nikampa maua, nikaanza kumweleza habari za sailensa.

"Shemeji, sijauliza gari," akasema. "Nimeuliza mume wangu."

 Kwenye teksi aliyashika yale maua kama mzigo wa mtu mwingine.

Ijumaa, 14 Novemba
Laban aliachiwa jana jioni, shati limechafuka mgongoni. Nikawapisha chumba, nikakaa kwenye ngazi. Niliwasikia wakicheka, halafu mmoja analia. Sikujua nani.

Miaka mitatu alikuwa akiniambia atakavyompokea. Atasimama wapi, atasema nini. Nilimchukulia hicho, na hakuna duka la kukinunua. Gari litakaa kizuizini siku thelathini. Viza yote ya Wairimu.

Jumapili, 16 Novemba
Laban ananisalimu. Ananisalimu tu. Wairimu anapanda basi kwenda sokoni, anarudi na mifuko juani. Inaniuma.

Nimefikiri sana, na nimetubu. Mambo ya magari nimeyaacha kabisa. Nimenunua baiskeli yenye kikapu, nimbebee shemeji mifuko. Baiskeli haina istimara, haina ukaguzi. Nimeuliza watu wawili.

Sasa, asije akachoka kunisubiri barabarani bila kujua nimefika wapi, Ndirangu wa karakana ya malori kanipatia honi ya trela. Inataka betri ya lori tu. Kesho naifunga.