Muda wa Kuachana

Jumatatu, 6 Oktoba
Ijumaa mkuu wa shule anachagua wa kwenda Kwale kwenye maonyesho ya sayansi. Mimi, mwalimu wa bayolojia, au Elijah wa kemia. Elijah ana kompyuta. Mimi nina akili! Nitaonyesha nyuzi mbili za DNA zilizosokotana zinavyoachana dakika baada ya dakika, joto likipanda. Tena kwa Kiswahili safi. Elijah wa bara atakoma.

Jumanne, 7 Oktoba
Kwenye hesabu zangu nyuzi zinaachana kabla moto haujawashwa. Nimeanza upya. Nyuzi nimeziita "wenzi", wanafunzi waelewe. Nimebandika karatasi ya manila sebuleni: MUDA WA KUACHANA. Wenzi huanza kulegea pembeni. Joto likifika tisini, wameachana kabisa. Mke wangu Mwanapili yuko matangani Kinondo, hajauona uhodari huu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Mwanapili alirudi jana na mama yake, mimi niko shuleni. Wakasoma ukuta. Niliporudi nikakuta nguo zake hazipo. Kwenye manila kaongeza kwa kalamu nyekundu: Mbona usubiri tisini?

Simu hapokei. Nikatuma ujumbe kwamba yale ni mambo ya DNA tu. Nimezidi kuharibu! Mama mkwe anauliza, kumbe nashuku watoto wetu si wangu? Bila Mwanapili mimi si mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sikwenda shule. Elijah kapewa safari. Na aende! Nimevuka kwa mashua hadi Mkwiro kwa wakwe, na kamba mbili za usumba wa nazi nilizozigandisha kwa gubiti, ile peremende ya sukari. Mama mkwe aliitikia shikamoo ya tatu. Nikaomba beseni la maji moto, nikaeleza, jasho lanitoka. Gubiti likayeyuka, kamba zikaachana. Mwanapili akaanza kulia.

Mama mkwe akauliza, "Na maji yakipoa?"

"DNA yenyewe hurudiana, mama. Bila kulazimishwa."

Mwanapili akajifuta machozi, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 12 Oktoba
Karudi. Alhamdulillahi! Kaniapisha nisibandike tena kitu ukutani. Sijabandika. Somo jipya, jinsi DNA inavyojinakili, nimelituma kwenye kundi la WhatsApp la ukweni, waone bidii ya mkwe wao. Kichwa cha habari: BAADA YA KUACHANA, KILA MMOJA HUPATA MWENZI MPYA.

Wote wameshasoma. Nadhani wamevutiwa. Mama mkwe anaandika.